Majibu yarudi mlangoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utafiti wa uchumi

Waheshimiwa viongozi,

Nawaandikia ninyi mnaotoa vibali vya utafiti, mnaosimamia takwimu za taifa, mnaoongoza vyuo vikuu vyetu na mnaokaa kwenye kamati za kupandisha wahadhiri vyeo. Walio wakubwa zangu, shikamooni. Walio rika langu, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa uchumi. Kabla ya hapo nilikuwa mdadisi, yule anayetumwa na watafiti kuhoji watu majumbani kwa dodoso, kazi ambayo wasomi wengi hawaiweki kwenye wasifu wao. Mimi naitaja kwanza, maana ndiko nilikojifunzia uchumi. Nimebeba madodoso kwenye mkoba wa turubai, nimelala gesti za wilayani, nimeamka saa kumi alfajiri ili niwahi watu kabla hawajatoka kwenda shambani. Yote nitakayowaomba humu nimeyatoa kwenye milango ya watu.

Kuna mlango mmoja mkoani Kagera ninaoukumbuka kila ninapoandaa somo. Ni nyumba ya bibi mmoja, ya tofali za kuchoma, imezungukwa na migomba na mibuni ya zamani. Kwenye fremu ya mlango wa mbele kuna alama tatu zilizoachwa na timu za utafiti zilizopita. Ya juu ni namba ya chaki, imebaki kivuli tu, nayo imesalimika kwa kuwa mvua haifiki pale upenuni. Ya kati imeandikwa kwa brashi na rangi nyekundu, na tone moja limechuruzika mpaka kwenye bawaba. Ya chini ni stika yenye namba na mistari. Tulipomaliza kusalimiana bibi aliniuliza, "Na wewe umekuja kuandika mlango?" Nikamwambia hapana, safari hii kishikwambi kinasoma chenyewe nyumba ilipo, hatuandiki kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata alama hamtaniachia."

Naomba niwaeleze jinsi taaluma yetu ilivyofika kwenye mlango ule, maana nina hakika mkiifuata safari hiyo mtaona mahali ilipokatikia, na mtaona kuwa kuiunga kuko ndani ya uwezo wenu.

Kabla ya ile chaki kulikuwa na wakati ambao mchumi hakuhitaji kufika mlangoni kabisa. Chukueni swali moja tu, lile la vijana kukimbilia mjini. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walichapisha makala katika jarida la American Economic Review ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo anaisoma. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi Nairobi, na walichokiona pale kilikuwa cha mtaani kabisa: kazi za mjini ni chache, wasiozipata ni wengi, na bado mabasi kutoka vijijini yanajaa. Jibu lao lilikuwa kwamba kijana haangalii mshahara wa mjini peke yake. Anauzidisha mshahara ule kwa bahati ya kuupata. Kama mjini wanalipa mara tatu ya anachokipata shambani, hata akijua ni nusu tu ya watu wanaopata kazi, kwenda bado kunamlipa. Kutokana na hilo wakaonyesha jambo lililowashangaza wengi: serikali ikiongeza ajira mjini, idadi ya wasio na kazi mjini inaweza kupanda, kwa sababu kila nafasi mpya inawavuta watu wengi kuliko inaowaajiri.

Ni hesabu nzuri na ninaifundisha kwa moyo wote. Lakini ndani ya makala ile hamna kijana hata mmoja aliyeulizwa. Kuna milinganyo, na kuna sekta mbili, mji na shamba. Huo ndio uliokuwa utafiti wa uchumi wa heshima wakati ule. Mchumi alijenga mfano wa nchi karatasini, akauliza mfano huo ungefanyaje, na majarida yalimpa nafasi kubwa aliyejenga vizuri.

Wazee wa Dar es Salaam wanaukumbuka mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kitambulisho cha kazi walipokuwa wakikamatwa mitaani na kupakiwa kurudishwa vijijini. Sisemi makala ya 1970 ndiyo iliyowapakia. Nasema kwamba wakati ule mtu wa mjini asiye na ajira ya kuandikwa alionekana, karatasini na barabarani, kuwa hafanyi kitu.

Na kumbe kulikuwa na watu waliokwisha kuona tofauti. Keith Hart, mwanaanthropolojia, alikaa na watu wa Accra akawakuta hawalali: wanauza, wanashona, wanakopeshana, wanajenga. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya ukalitoa wazo hilo kwenye ripoti yake, na tangu hapo wachumi dunia nzima wakaanza kusema sekta isiyo rasmi. Mafundi wa Nairobi walikuwa na jina lao wenyewe, jua kali. Napenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba moja ya mawazo makubwa kabisa ya uchumi wa maendeleo lilitoka kwa mtu aliyekaa chini na kuzungumza, na lilikomaa Afrika Mashariki.

Kisha ikaja chaki. Mwaka 1980 Benki ya Dunia ilianza mpango wake wa kupima hali za maisha kwa kuhoji kaya, na katika miaka iliyofuata dodoso likawa chombo cha kazi cha mchumi kama jembe kwa mkulima. Kagera ilipata dodoso lake kwa sababu ya msiba. UKIMWI ulikuwa unawamaliza watu wazima, na hakuna aliyeweza kusema kwa takwimu kifo cha baba au mama kinaifanyaje kaya iliyobaki. Kuanzia 1991 hadi 1994 kaya 915 katika vijiji na mitaa 51 zilihojiwa, nyingi hadi mara nne.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu kwa sababu naona viongozi wetu wengi hawalijui. Watafiti waliporudi mwaka 2004, wangeweza kufanya kama ilivyozoeleka: kupiga hodi kwenye nyumba zile zile na kuwahoji waliopo. Hawakufanya hivyo. Walichukua orodha ya kila mtu aliyekuwa kwenye kaya zile na kumfuata alikokwenda. Aliyeolewa Karagwe walimfuata Karagwe. Aliyehamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda walimtafuta huko huko, kwa kuulizia kwa ndugu, kwa shemeji, kwa jirani wa zamani. Zile kaya 915 zikawa zaidi ya 2,700, kwa sababu watoto wa 1991 walikuwa wameshaanzisha miji yao. Mwaka 2010 wakarudi tena.

Na walichokipata hakikuweza kuonekana kwa njia nyingine yoyote. Katika makala iliyotoka mwaka 2011, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha kwamba kati ya 1991 na 2004 kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu. Hata waliobaki kwenye kilimo, kama wamehama, walikua zaidi ya waliobaki kijijini. Fikirini maana yake. Kama wangehoji waliobaki tu, wangeandika kwamba Kagera maisha yamesogea kidogo, na wangekuwa wamekosea kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maendeleo yenyewe yalikuwa yamepanda basi yakaondoka.

Miaka miwili baadaye, kwa data hizo hizo, ikaonekana jambo la pili ambalo kwangu ni zito zaidi. Kati ya waliotoka kwenye umaskini, karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia kwenye shughuli nyingine za huko huko vijijini au kwenye miji midogo. Waliotoka kwa kwenda jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Kwa hiyo lile swali la 1970, la mji na shamba, lilikuwa limeacha nje mahali ambapo watu wengi walijikomboa: senta ya barabara nne, mji wa mnada, mji wa machimbo.

Nilipomrudia bibi yule baadaye nikamsimulia matokeo hayo, hakushtuka. Aliniambia habari za wanawe waliohama, mmoja Dar es Salaam, mwingine mji mdogo wa Katoro: "Wa Dar aliniletea fedha mara moja, nikanunua godoro. Wa Katoro ndiye aliyeezeka hili bati." Kisha akaingia ndani, akarudi na senene waliokaangwa kwenye kibakuli, tukala.

Waheshimiwa, bibi huyo amehojiwa mara nne na timu nne tofauti. Ameulizwa ana mbuzi wangapi, amekula nini siku saba zilizopita, mume alifariki lini na kwa nini, ana akiba wapi. Mimi ndiye mtu wa kwanza kumweleza lolote lililotokana na maswali ya aina hiyo, na sikuwa nimetumwa na mtu. Nilikuwa nimesoma makala chuoni miaka mingi baada ya kuacha udadisi. Utafiti nilioufanyia kazi mimi mwenyewe, ambao si huo wa Kagera niliousimulia na ambao siutaji, matokeo yake niliyakuta kwenye intaneti kwa bahati, na ukurasa ukanitaka nilipe kwa dola ndipo nisome. Nilikuwa nimehoji kaya zaidi ya mia moja katika utafiti ule.

Baada ya dodoso ikaja zama ya majaribio, na nayo ilianzia jirani. Busia, magharibi mwa Kenya, shule 75 za msingi zilipangwa makundi matatu, zikaanza kupewa dawa za minyoo kwa zamu: kundi la kwanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kwa kuwa waliotangulia waliweza kulinganishwa na waliokuwa wakisubiri, Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa walinufaika, maana maambukizi ya minyoo yalipungua. Makala ilitoka 2004. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kuifanya njia hii ya majaribio kuwa njia ya kawaida ya kutafiti umaskini.

Lakini kinachonifanya niirudie Busia kila mwaka darasani ni kilichotokea katikati. Waandishi walitoa data zao na programu za hesabu zao kwa watafiti wengine wazikague. Mwaka 2015 wakaguzi wakachapisha waliyoyaona: kulikuwa na makosa, likiwamo moja katika kuhesabu shule za jirani, na kukazuka mabishano makali. Waandishi walikubali makosa, wakatetea hitimisho lao kuu. Wakati huo huo waliendelea kuwafuata watoto wale, na mwaka 2021 ikachapishwa kwamba hadi miaka 20 baadaye, waliopewa dawa kwa miaka zaidi walikuwa wakipata kipato cha saa kilicho juu kwa asilimia 13. Mimi naona heshima kubwa katika mwenendo huo wote, makosa yakiwemo. Mtu amefungua daftari lake, amekaguliwa mbele ya watu, na bado anaendelea na kazi.

Mwenendo huo ndio umeibadilisha taaluma katika miaka hii. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wakubwa, waliandika kwamba nchi zenye deni zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa asilimia hasi 0.1. Mawaziri wa fedha wa nchi nyingi waliinukuu namba ile. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa kazi ya darasani ya kurudia hesabu za makala yoyote. Hesabu zikakataa. Akaomba faili, akakuta nchi tano za mwanzo kwa alfabeti zimeachwa nje ya fomula, na data nyingine hazikuingizwa. Mwaka 2013, yeye na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walitoa namba iliyorekebishwa: asilimia 2.2.

Naomba mjiulize kijana huyo angekuwa chuoni kwetu ingekuwaje. Nimekaa kwenye vikao, chuo sikitaji, ambapo pendekezo la mwanafunzi la kurudia utafiti uliokwisha kuchapishwa lilirudishwa kwa maneno mawili: hakuna jipya. Alitaka kurudia hesabu za bei ya mazao ambazo wizara na wafadhili wanazitumia. Tukamwambia atafute mada. Akachukua mada nyepesi, akahitimu, sasa anafanya kazi benki.

Kuna jambo jingine ambalo nalijua kwa mikono yangu, na ni la Kiswahili. Dodoso linatungwa kwa Kiingereza, linatafsiriwa siku mbili kabla ya kwenda uwandani, mara nyingi na sisi wadadisi tukiwa kwenye ukumbi wa mafunzo. Nimeshika dodoso lililouliza, "Je, uko tayari kuchukua hatari?" Mama mmoja akanijibu kwa kuniuliza, "Hatari ya nini, nyoka?" Mtungaji alitaka kujua kama mama yule angejaribu mbegu mpya akijua inaweza kumpa sana au kumnyima. Sisi tulimuuliza kama angependa kudhurika. Mwingine nilimuuliza kama wiki iliyopita alifanya kazi, akasema hapana, hana kazi, na wakati anasema hivyo alikuwa anapukuchua maharage ya kupeleka gulioni kesho yake. Ilibidi nitie alama kwenye hapana. Kanuni ilikuwa kuandika jibu kama lilivyotolewa.

Haya si malalamiko ya mdadisi tu. Wachumi wenyewe wameyapima hapa hapa Tanzania. Kaya ziligawiwa madodoso nane tofauti ya kuuliza chakula na matumizi, mengine kwa daftari la kila siku, mengine kwa kukumbuka siku saba, mengine siku kumi na nne, orodha ndefu na orodha fupi. Watu walikuwa wa hali moja, lakini madodoso yalitoa viwango vya matumizi vinavyotofautiana. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba takwimu za ajira zinabadilika kutegemea swali limeulizwaje na kama amejibu mhusika mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake. Na Pemba walilinganisha dodoso la karatasi na la kompyuta, wakakuta la karatasi lina makosa mengi mno ambayo kompyuta ingeyazuia pale pale. Kagera unapouliza "mlikula ndizi kiasi gani," mtu anakujibu mkungu mmoja, na mkungu wa mwezi wa kiangazi si mkungu wa masika. Nani aliyeandika mkungu ule una kilo ngapi? Mahali fulani kuna faili lenye jibu hilo, na sehemu kubwa ya umaskini wetu wa kitakwimu imesimama juu yake.

Sasa hivi watafiti wengine hawaji kabisa. Tangu mwaka 2012, J. Vernon Henderson, Adam Storeygard na David Weil walipoonyesha kwamba mwanga wa usiku unaoonekana kutoka angani unaweza kusaidia kukadiria ukuaji wa uchumi, picha za satelaiti zimekuwa chanzo cha kawaida cha data, na pia kumbukumbu za simu. Zina manufaa yake. Lakini bibi yule aliliona jambo hilo mapema kuliko mimi, siku ile aliposema hata alama hatutamwachia.

Ndugu viongozi, hapa ndipo ninapowataka ninyi. Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini. Kibali kinamtaka mtafiti aeleze anakwenda wapi na kufanya nini. Naomba kibali kimtake pia arudi: kurasa mbili za Kiswahili, zisizo na milinganyo, zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kilekile kilichohojiwa, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri kwamba zimesomwa. Bila muhuri huo, kibali kinachofuata kisubiri. Gharama yake ni mafuta ya gari na siku moja. Miradi yenye bajeti ya mamilioni ya dola haiwezi kushindwa hilo, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye vijiji viwili haiwezi kumlemea.

Pamoja na kurasa hizo, liwekwe mahali pa wazi dodoso lenyewe la Kiswahili, jinsi lilivyoulizwa. Tumezoea kuhifadhi la Kiingereza, ambalo hakuna mwanakijiji aliyelisikia. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya kazi kubwa ya kufungua data za kaya, na tangu 2008 ina utafiti wake unaofuata watu walewale awamu hadi awamu, hata wakihama, jambo ninalolisifu kila ninapopata nafasi. Naiomba iongeze hilo tu: kila swali kwa maneno yaliyotoka mdomoni mwa mdadisi, na vipimo vya mkungu, kisado, fungu na debe vikiwa wazi kwa kila mkoa na msimu.

Na msiogope kukaguliwa. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa ikafanya kuchapisha namba zinazopingana na za serikali kuwa jambo la kumpeleka mtu mahakamani. Mwaka uliofuata kipengele hicho kilirekebishwa tena, na nchi haikuanguka. Watafiti wengi vijana bado wanatembea na hofu ya mwaka ule, naiona kwenye mada wanazozikwepa. Neno moja la hadharani kutoka kwenu, kwamba kurudia hesabu za serikali ni huduma kwa serikali, lingewafungua.

Kwa wakuu wa vyuo nina ombi la vyeo. Mnatupima kwa makala kwenye majarida ya nje. Yatazameni basi majarida hayo yamekuwaje. David Card na Stefano DellaVigna walihesabu mwaka 2013: katika majarida matano makubwa ya uchumi, makala zinazopelekwa ziliongezeka karibu maradufu tangu 1990, zinazochapishwa zikapungua, zinazokubaliwa zikashuka kutoka karibu asilimia 15 hadi 6, na makala moja imekuwa ndefu mara tatu ya ilivyokuwa miaka ya 1970. Nyuma ya makala kama hiyo kuna wasaidizi, kuna bajeti ya uwandani, kuna miaka ya kusubiri. Mhadhiri wetu mwenye madarasa manne na wanafunzi mia tatu hawezi kuingia mlango huo peke yake. Anachoweza ni kuwa jina la nne kwenye mradi wa mwingine, akikusanya data za swali ambalo hakulichagua. Nimeona wenzangu wazuri wakizeeka hivyo.

Hesabuni basi na kazi zinazowezekana hapa na zinazotufaa. Mhadhiri aliyerudia hesabu ambazo bajeti inazitumia na kukuta kosa, au kukuta ziko sawa, apate alama za cheo. Aliyeandika kwa Kiswahili sanifu, kikapitiwa na wenzake, apate alama zile zile anazopata wa Kiingereza. Miaka ile ya Nguvu Kazi tulikosa mtu wa kurudi mtaani na kuuliza upya. Leo tuna mamia ya vijana wenye uwezo huo, na tunawarudishia mapendekezo yao tukisema hakuna jipya.

Mwezi wa saba, chuo kikifungwa, nakwenda tena Kagera. Nimechapa kurasa zangu mbili juu ya wale waliohama na wale waliobaki, nikimtaja kila mwandishi aliyeifanya kazi ile, na mwenyekiti wa kijiji amenikubalia dakika thelathini baada ya ajenda ya barabara. Nitawaachia nakala, moja ibandikwe ofisini na moja nitampelekea bibi. Ningefurahi sana kama mmoja wenu, au afisa mtakayemtuma, angekuja akasikia maswali yatakayoulizwa. Tunaondoka Bukoba saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye gari kuna nafasi mbili.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa uchumi, aliyekuwa mdadisi